Ndoyi Wangu wa Beni

Mtu akianza kuniuliza baba yangu alikuwa nani, ninafunga moyo kwanza, ndipo ninafungua mdomo. Huku kwetu, kati ya Butembo na Beni, swali hilo linaulizwa na askari kwenye barière ya barabarani, na wapelelezi waliovaa nguo za kiraia, na wazee wa upande wa bwana harusi, na kila mmoja wao ana sababu ambayo hakuambii. Kwa hiyo siku yule mwanamke wa Kinshasa alipoketi mbele ya meza yangu, akatabasamu, akaniuliza baba yangu alisoma mpaka wapi, nilijiambia moja kwa moja: huyu ametumwa.

Mimi ni munganga, yaani daktari, wa macho hapa Butembo. Asubuhi ile nilikuwa nimepima watu mpaka mgongo unauma, naye alikuwa amengoja kwenye benchi pamoja na wagonjwa, kimya, mkoba juu ya magoti. Hilo nalo sikulipenda. Mtu wa Kinshasa anayengoja bila kunung'unika anataka kitu kikubwa.

Alijieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisema naye alisomea macho, ila aliacha kutibu, sasa anafanya utafiti na wenzake. Walitaka kujua kwa nini munganga mmoja wa macho akiandika, wenzake wa nchi za mbali wanamsoma na kumtaja katika maandiko yao, na mwingine akiandika ni kama amezungumza na ukuta. Basi walikuwa wanachimba asili ya kila mmoja: alizaliwa wapi, wazazi walisoma nini, nyumbani walisema lugha gani, profesa gani alimshika mkono, alivuka mpaka kwenda kusoma au alibaki.

"Na mimi naingia wapi mu hiyo?" nikamwuliza.

"Docteur, weye unatuharibishia calcul, hesabu yetu," akasema, akicheka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, nusu Kifaransa. "Kwa bengine bote iko wazi. Papa iko professeur, mutoto anasikilikana. Papa iko mulimaji, mutoto anaandika, hapana mutu anasoma. Mais weye, papa wako alikuwa mulimaji wa Kipese, na maandiko yako banayataja kila fasi. Donc nilisema, huyu lazima nimuone."

Sifa hazinileweshi haraka. Nilimwuliza nani alimpa habari za baba yangu, akasema ni mapadri wa shule ya misheni kule Lubero. Hata mapadri. Nilijiuliza walimwambia nini kingine.

Ni kweli, baba alikuwa katekista wa Kipese, kule milimani, na siku zote zisizokuwa Jumapili alilima viazi. Mama ndiye mwenye maharagi, na maharagi ndiyo yaliyonifanya niandike. Wakati wa mavuno kule juu, maharagi yaliyokauka yanatandazwa uani, wanawake wanasimama kuyazunguka na fimbo, wanapiga. Ganda linapasuka, kipande kinaruka, kinaingia jichoni. Mtu anafikicha, jirani anamkamulia majani, anasubiri Jumapili ipite, soko lipite. Akifika kwangu, kidonda kimeshakula kioo cha mbele cha jicho, na hata kikipona kinaacha weupe uliokauka kama ukoko wa uji. Niliandika juu ya hilo, kurasa chache tu. Niliandika kwa hasira, kwa sababu jicho la kushoto la mama yangu liliondoka hivyo hivyo, mimi nikiwa bado chuoni, na sikumjua mtu hata mmoja huku kwetu wa kumbadilishia kile kioo.

Yule mwanamke alikuwa kama amesikia mawazo yangu. Akasema waliomtuma wana nafasi moja, ya munganga mmoja wa mashariki, kwenda kujifunza kazi hiyo hiyo ya kubadilisha kioo cha jicho, halafu arudi nayo pamoja na vyombo vyake. Itapewa yule ambaye maandiko yake yanatajwa zaidi.

"Na jina yako iko juu, docteur," akasema.

Hapo moyo uliruka, sitaficha. Nilimwona mama akinitazama kwa macho mawili. Halafu nikamshuku yule mwanamke zaidi ya mwanzo. Kitu kizuri kikija kwangu bila kutafutwa, ninakigeuza juu chini kutazama kama kimeoza.

Na kilikuwa kimeoza. Alianza kunisomea maisha yangu kwenye simu yake ili nithibitishe, akafika kwenye mwaka wangu wa masomo Kampala. Mimi Kampala sijawahi kulala. Akaendelea: na ile kazi yako nzuri juu ya macho ya madereva na motari, wale wa pikipiki, wa njia ya Beni, vumbi na upepo, na jinsi lineti, miwani ya kufunika macho, zinavyowasaidia. Kazi hiyo niliijua. Niliisoma ilipotoka, nikaisifu. Sikuiandika mimi.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilisema tu, "Endelea," kwa ule uso wangu wa kupimia wagonjwa ambao hauonyeshi kitu. Alipomaliza nilimwomba anipe muda nifikiri, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikangoja pikipiki iliyombeba ipotee kabisa.

Kazi ya motari na lineti ni ya ndoyi wangu wa Beni. Ndoyi, yaani mwenye jina langu. Sisi Wanande hatuhangaiki kumtafutia mtoto jina, anakuja nalo. Msichana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu ana lake, na wavulana vivyo hivyo, kwa hiyo ukiliita jina la msichana wa pili katikati ya soko la Butembo, bamama wengi watageuka. Mimi ni wa pili kwa mama yangu, yeye ni wa pili kwa mama yake. Mimi nina jina la ubatizo, yeye ana la Kiislamu, na yote mawili yanaanza na herufi moja, na ni herufi hiyo tu inayowekwa juu ya maandiko yetu. Huku kwetu hakuna anayetuchanganya. Watu wanauliza, yule wa Kipese au yule wa magari? Maana baba yake alikuwa na malori. Lakini kule mbali, ndani ya mashine inayohesabu nani ametajwa na nani, hakuna wa kuuliza hivyo. Waliona jina moja, kazi moja, kona moja ya dunia, wakatufanya mtu mmoja.

Leo ninaeleza hivi kwa utulivu. Siku ile sikuwaza mashine. Nilimwaza ndoyi.

Tulijuana chuoni. Nilimtangulia kidogo, kwa hiyo alikuwa ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Yeye ndiye aliyemtoa mama mtoto wa jicho kwenye lile jicho la kulia, lililobaki, kwa sababu mkono wangu ulikataa kumkata mama yangu mzazi. Alimshika kichwa, akamwimbia kwa Kinande mpaka mama akasinzia. Mtu wa namna hiyo unamshuku vipi? Mimi nilimshuku. Nilijiambia: Kampala kasoma yeye, Kiingereza anacho yeye, kwao kuna malori, sasa amechukua na maharagi yetu, ameyaweka chini ya jina ambalo ni lake pia, na nani atamkamata?

Jioni mama akapiga simu kutoka Kipese.

"Padri anasema kuna batu banakutafuta, utaenda kujifunza kubadilisha macho," akasema. "Ni kweli?"

"Tutaona, mama."

"Nimekwisha kuambia bamama ba kanisa."

Usiku niliketi na simu, nikatazama maandiko yangu yametajwa mara ngapi, na ya ndoyi mara ngapi.

Asubuhi niliwaacha wagonjwa na mwenzangu, nikapanda gari la Beni. Kabla ya kuondoka dereva alipiga simu hapa na pale kuuliza njia imeamkaje, kama wanavyofanya wote, halafu tukaenda. Kwenye barière askari alishika carte yangu ya kitambulisho, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Papa na yo, baba yako, ni nani? Unatoka wapi?" Nikamjibu. Akasema jana alipitisha mwanamke mwingine mwenye jina hili hili, na leo asubuhi mwingine tena, na alinitazama kama mimi ndiye niliyepanga mchezo huo. Nilitamani kumwambia, ndugu yangu, wewe ungepewa kazi kwenye ile mashine, maana angalau umegundua kwamba tuko wengi.

Ndoyi nilimkuta katika chumba chake cha kupimia macho, anammulika mzee mmoja jichoni kwa tochi. Aliponiona nimeingia bila kupiga simu, tochi ilishuka.

"Yaya, nani amekufa?"

"Hapana mutu amekufa. Maliza na huyu baba, tuongee."

Alimmaliza haraka. Nilifunga mlango, nikabaki nimesimama.

"Ulichukua maharagi yangu?"

Hakuelewa. Nikamweleza yote, kwa ukali, yule mwanamke, na Kampala, na motari, na nafasi moja. Nilikuwa ninamtazama machoni muda wote, kwa sababu macho ndiyo kazi yangu, na nilitaka kuyaona yakikimbia. Hayakukimbia. Alivuta kiti cha wagonjwa, akaketi.

"Yaya, unakumbuka ule muzungu mwenye aliniandikia juu ya maganda ya maharagi? Nilikutumia message yake. Nilikuambia, mujibu weye, mi sijue hata maharagi banapigaka namna gani. Tulicheka."

Nilikumbuka. Tulicheka kweli, siku nzima tulitaniana kwa simu, mimi nikimwita mulimaji.

"Toka ile siku nilijua banatuchanganya," akasema. "Nilibaandikia ba ile mashine yenye kuhesabu maandiko, batutenganishe. Baliniomba preuve, ushahidi, kama mi niko mutu mwingine. Sasa weye niambie, preuve ya ile inatoka mu bureau gani?"

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Nilijua weye. Ungesema mi ndiye nilianzisha."

Ndicho nilichokuja kusema. Hasira ilinishuka, na mahali pake pakaingia aibu kidogo, na ndoyi alikuwa na adabu ya kutoitazama. Aliagiza chai ya tangawizi. Ndege ya uwanja wa Mavivi ilipita juu ya bati, tukangoja kelele iishe. Nje kulikuwa na motari wawili waliokuja kuchukua lineti, wanabishana nani ataonekana kama nzige.

"Tukitenganishwa," akauliza, "kila mutu na yake, moja wetu atabakia juu?"

"Hapana. Nimeangalia. Siye wawili pamoja, ndiyo. Moja moja, hapana."

Mimi ndiye niliyesema neno lililofuata, si yeye.

"Basi tunyamaze. Moja wetu aende, ajifunze, arudi, afungue mama jicho. Tumemuibia nani? Kazi yote ni yetu."

"Nani ataenda?"

"Weye. Uko na Kiingereza."

Alizungusha kikombe mezani. Mama yangu anampenda sana, pengine kuliko anavyonipenda mimi, kwa sababu yeye hamgombezi juu ya dawa.

"Yaya, nikienda na hii jina yetu na maharagi yako, utalala usingizi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimtazama, nikaona siku zitakavyokuwa. Siku asiyonipigia nitasema amepata kazi huko. Siku atakayonipigia nitasema anaficha kitu. Mama ataniuliza lini, nami nitamjibu kwa mdomo wa mtu asiyeamini.

"Hapana," nikasema.

"Na mimi, ukienda weye, sitalala."

Tulicheka, lakini si kicheko kizuri. Inauma kusikia hivyo kutoka kwa mtu unayempenda, na inauma zaidi kujua ni kweli kwa pande zote mbili.

"Tena," akasema, "kule bataniuliza: docteur, wakati ya mavuno munafanya nini na hii ganda? Mi nitajibu nini? Nitasema bavae lineti kama motari."

Hakujua amesema nini, wala mimi sikumsikia vizuri wakati ule, maana nilikuwa nimeshika simu tayari.

Tulimpigia yule mwanamke wa Kinshasa, sauti tumeifungua, tukaongea wote wawili. Kwanza alidhani ni dada yangu ananisaidia mzaha. Akatuuliza mmoja mmoja, baba alikuwa nani, ulizaliwa wapi, ulisoma wapi, na sisi tukajibu kama kwenye barière, mmoja Kipese, katekista na viazi, mwingine Beni, malori na Kampala. Kisha nikasikia pumzi yake ikishuka taratibu, kwa raha.

"Ah," akasema. "Donc calcul yetu ilikuwa sawa."

Aliona haya baada ya hapo, akatushukuru kwa uaminifu, akasema juu ya nafasi ataongea na wakubwa. Mimi nilikuwa sisikii tena. Alikuja kunitazama kama ajabu ya dunia, sasa amefurahi kwamba ajabu haipo, kwamba mtoto wa mulimaji kumbe hasikiki kama walivyosema. Hakuuliza kama kuna wengine wa huku waliounganishwa hivyo. Hakuuliza juu ya ganda wala juu ya lineti. Nilikata simu bila kumuaga. Niliigeuza simu kifudifudi mezani kwa hasira, na ndoyi akanishika mkono.

Nafasi ilienda kwa mwanamume wa mji mwingine, mtoto wa profesa, mwenye jina ambalo sijasikia mwingine akiitwa nalo. Sina ubaya naye. Ninamshuku tu, kama ninavyomshuku kila mtu.

Wakati wa mavuno nilipanda Kipese kumwambia mama ana kwa ana. Kwenye simu nilikuwa nimemzungusha, na mama hazungushwi muda mrefu. Ndoyi alisema tutapanda wote, na alikuja na mfuko mkubwa ambao hakuniambia una nini mpaka tulipofika. Zilikuwa lineti, zile zile za motari, za mpira.

Uani maharagi yalikuwa yametandazwa, bamama wamesimama kuyazunguka na fimbo. Mama aliketi pembeni kwenye kiti, anawaelekeza. "Wavukire," akatusalimia, akageuza uso mpaka jicho la kulia likatupata. Ndoyi alifungua mfuko, akaanza kugawa. Hakuna aliyepokea. Mmoja aliuliza, nani amezituma? Mwingine, juu ya nini ni bure? Wa tatu akataka kujua kama mtu akizivaa picha yake itakwenda Kinshasa. Sikuwacheka. Mimi ningeuliza hayo yote, na mengine.

Nilichuchumaa mbele ya mama, nikamweleza tangu mwanzo: jina, mashine, sisi wawili tuliofanywa mmoja, simu tuliyopiga. Alisikiliza akichambua maharagi mapajani kwa vidole, bila kuyatazama.

"Donc jicho yangu itabakia hivi," akasema.

"Itabakia, mama."

"Na kama mungenyamaza?"

Ningeweza kumdanganya. "Pengine ingefunguka," nikasema.

Vidole vilisimama. Nilikuwa nimepanda mlima wote ule nikingoja aseme tumefanya vizuri, mjane wa katekista, mtu aliyenichapa kwa sababu ya yai moja nililoficha. Nilikuwa nimelitayarishia moyo neno hilo.

"Basi mungenyamaza," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia ungefunga mlango, mvua imeingia. Ndoyi aligeukia ukuta, akalia. Mimi sikuweza hata kulia. Ilinichoma, na inanichoma mpaka leo, maana sijui kama alikosea.

Mama alipukuta sketi yake, akasimama, akanyoosha mkono kwa ndoyi. "Lete hiyo kitu yenu." Akazivaa lineti juu ya macho yote mawili, lile zima na lile jeupe, akakaza mpira juu ya kitambaa cha kichwa. Akaokota fimbo, akawasogeza bamama wawili, akasimama kati yao. Yule aliyeuliza juu ya bure alimwuliza kama haogopi.

"Minaogopa," mama akasema. "Mais jicho ingine sina."

Akapiga.